Mzio wa nikeli: Jinsi ya kuchagua herini zisizodhuru masikio

MSICHANA anaponunuliwa herini mpya kwa ajili ya Idi, Krismasi au harusi ya jamaa, huenda furaha yake ikadumu siku mbili tu. Siku ya tatu ndewe za masikio huanza kumwasha, ngozi ikavimba, ikatoa majimaji na hatimaye ikakauka na kubanduka kama magamba.

Mama humwambia aoshe masikio kwa maji ya chumvi. Shangazi naye hushauri atiwe spiriti. Herini huvuliwa, ngozi ikapona, kisha huvaliwa tena na mateso yakarejea. Mwishowe familia hujinyima ikanunua herini za bei ya juu zaidi, na hizo nazo zikamwasha vilevile.

Katika visa vingi vya aina hii, kosa si la uchafu wala si la bei. Kosa ni la nikeli, metali nyeupe yenye kung'aa ambayo huchanganywa katika mapambo mengi bila mnunuzi kuambiwa. Mwenye mzio wa metali hii hana haja ya kuacha kabisa kuvaa herini au vipuli. Anachohitaji ni kujua kwa hakika ni metali gani inayopita ndani ya tundu la sikio lake.

Adui aliyejificha

Nikeli ilitambuliwa na mwanakemia wa Uswidi, Axel Fredrik Cronstedt, mnamo 1751. Ni metali ngumu, haishiki kutu kwa urahisi na bei yake ni nafuu mno ikilinganishwa na fedha au dhahabu. Kwa sababu hizo viwanda huitumia kuimarisha metali nyingine, na pia kama tabaka la chini kabla ya pambo kupakwa dhahabu.

Ndiyo maana nikeli hupatikana pia katika vifungo vya suruali za jinzi, bizimu za mishipi, zipu, funguo, saa za mkono, fremu za miwani na baadhi ya sarafu.

Jasho la binadamu lina chumvi. Chumvi hiyo humomonyoa nikeli kidogo kidogo, chembechembe zake zikapenya ngozi na kushikamana na protini za mwili. Seli za kinga huweza kuzichukulia chembechembe hizo kuwa adui na kuzikariri. Siku zitakapokutana nazo tena, huzishambulia, na ngozi iliyo katikati ya vita hivyo ndiyo inayoumia.

Mashambulizi haya hayaanzi papo hapo. Dalili hujitokeza baada ya saa 12 hadi 72. Kwa hivyo, mtu aliyevaa herini Jumamosi na kuanza kuwashwa Jumatatu huenda akailaumu sabuni, mafuta ya nywele au chakula alichokula, ilhali aliyemdhuru bado ananing'inia sikioni.

Jambo linalofaa kuzingatiwa zaidi ni kwamba mwili ukishajifunza kuikataa nikeli, kwa kawaida hausahau tena maishani. Dawa zilizopo hutuliza mwasho na uvimbe, lakini haziufuti mzio wenyewe.

Kutoboa masikio ni mojawapo ya njia kuu ambazo mzio huu huingilia. Kijiti cha herini ya kwanza hukaa ndani ya jeraha bichi kwa wiki kadhaa, mahali ambapo hakuna ngozi ya juu ya kuzuia chembechembe zisipenye. Barani Ulaya, ambako suala hili limechunguzwa sana, inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 8 na 19 ya watu wazima wana mzio wa nikeli, na wanawake ni wengi kuliko wanaume kwa mbali.

Dalili kwenye ngozi nyeusi

Vitabu vingi vya tiba husema ngozi yenye mzio hugeuka kuwa nyekundu. Maelezo hayo huwapotosha watu wengi wa Afrika. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu huwa hauonekani vyema. Badala yake ngozi huwa na weusi uliokolea au rangi inayokaribia zambarau, ikawa nene na yenye kukwaruza. Baada ya kupona, doa jeusi huweza kubaki kwa miezi mingi.

Dalili nyingine ni mwasho mkali, vipele vidogo vyenye maji, mipasuko na ukurutu unaoweza kuenea hadi shingoni. Aghalabu masikio yote mawili huathirika, kwa kuwa yote mawili yamevishwa metali ile ile.

Mzio usichanganywe na matatizo mengine mawili. Sikio lililoambukizwa viini huuma zaidi ya kuwasha, huwa na joto, hutoa usaha na pengine mgonjwa hupatwa na homa. Keloidi nayo ni kovu gumu linaloendelea kukua hata kupita mipaka ya jeraha, na huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Keloidi haiponi kwa kubadilisha herini.

Rangi ya kijani inayobaki kwenye ngozi baada ya kuvaa pambo la shaba pia si mzio. Hiyo hutokana na shaba kukutana na jasho, na huoshwa ikatoka.

Mwenye shaka anafaa kumwona daktari wa ngozi. Kipimo kinachotegemewa ni cha kubandika vibandiko vidogo mgongoni, kimojawapo kikiwa na chumvi ya nikeli. Vibandiko huondolewa baada ya saa 48, na ngozi huchunguzwa wakati huo na tena baada ya siku moja au mbili zaidi. Kipimo hiki husaidia pia kutenganisha mzio wa nikeli na ule wa kobalti, metali nyingine inayopatikana katika mapambo.

Funzo kutoka Ulaya

Denmark ndiyo iliyotangulia kuidhibiti nikeli katika bidhaa zinazogusa ngozi, mnamo 1990. Muungano wa Ulaya ulifuata kwa kupitisha agizo lake 1994, na tangu 2009 kanuni hizo zimekuwa sehemu ya sheria kuu ya kemikali ya muungano huo.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, kijiti kinachoingizwa kwenye tundu la mwili hakiruhusiwi kuachilia zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa kila sentimita mraba katika muda wa wiki moja. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa vitu vingine vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu, mathalani saa na mikufu, kiwango ni mikrogramu 0.5.

Kipimo hufanywa kwa kulowesha pambo ndani ya jasho bandia kwa wiki nzima, kisha kupima nikeli iliyotoka. Tafiti zilizofanywa Denmark katika miaka iliyofuata zilionyesha kwamba mzio ulipungua miongoni mwa wanawake wachanga waliotobolewa masikio baada ya sheria kuanza kazi.

Kanuni hizo zina funzo kwa mnunuzi wa Nairobi, Mombasa au Kisumu. Zinatofautisha kiasi cha nikeli kilichomo ndani ya pambo na kiasi kinachotoka na kuifikia ngozi. Kuna metali zenye nikeli nyingi lakini zinazoishikilia vyema, na kuna nyingine zinazoiachilia upesi. Mwenye mzio mkali hupata usalama zaidi katika metali zisizo nayo kabisa.

Metali za kutegemewa

Titaniamu ndiyo inayopendekezwa zaidi. Ndiyo metali inayotumiwa na madaktari kutengenezea vipandikizi vya mifupa na mizizi ya meno bandia. Haina nikeli ila kwa kiasi kidogo mno kisichodhuru watu wengi, na ni nyepesi: uzito wake unazidi kidogo tu nusu ya uzito wa chuma cha pua cha ukubwa ule ule. Iliyo ya kiwango cha vipandikizi huandikwa ASTM F136 au ASTM F67.

Niobiamu ni dada yake wa karibu. Metali hizi mbili zinaweza kupewa rangi ya buluu, zambarau au dhahabu kwa kutumia umeme, bila kupakwa kitu chochote juu. Kwa hivyo hakuna tabaka la metali nyingine la kubanduka.

Platinamu pia ni salama kwa watu wengi, ingawa bei yake huwashinda wengi.

Dhahabu huhitaji maelezo. Dhahabu tupu ni ya karati 24, lakini ni laini mno. Sonara huichanganya na metali nyingine ili ipate ugumu. Ya karati 22 ina asilimia 91.6 ya dhahabu, ya karati 18 ina asilimia 75, ya karati 14 ina asilimia 58.5 na ya karati 9 ina asilimia 37.5 pekee. Alama zinazochongwa kwenye pambo ni 916, 750, 585 na 375 kwa mfuatano huo.

Kadiri karati zinavyopungua ndivyo nafasi ya metali ngeni inavyoongezeka. Dhahabu ya manjano ya karati 18 na kuendelea, iliyochanganywa na shaba na fedha, huwafaa wengi wenye mzio. Ya karati 9 inafaa kuulizwa maswali zaidi.

Fedha yenye alama 925 ina asilimia 92.5 ya fedha halisi, na sehemu iliyobaki kwa kawaida ni shaba. Watu wengi wenye mzio huivaa bila taabu. Hata hivyo, fedha haifai kwa tundu bichi kwa kuwa huchujuka na kuingia weusi.

Wasiotaka metali wanaweza kutumia vijiti vya kioo au vya plastiki ya kiwango cha hospitali. Wazee wa jamii mbalimbali za Kenya walivaa vijiti vya mbao masikioni, na mbao iliyolainishwa vyema bado yafaa kwa tundu lililopona.

Majina yanayohadaa

Sokoni kuna majina ambayo humpa mnunuzi matumaini yasiyo na msingi.

La kwanza ni "dhahabu nyeupe". Kwa miaka mingi weupe wa dhahabu hiyo umepatikana kwa kuichanganya na nikeli. Siku hizi baadhi ya watengenezaji hutumia paladiamu, ambayo ni bora kwa mwenye mzio. Pambo la aina hii aghalabu hupakwa rodiamu ili ling'ae, na rodiamu ikichakaa, metali ya ndani huigusa ngozi. Hii ndiyo sababu pete au herini iliyovaliwa miaka miwili bila tatizo huanza kuwasha ghafla.

La pili ni "fedha ya Kijerumani", ambayo pia huitwa alpaka. Licha ya jina hilo, haina hata chembe ya fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na mwenye mzio anapaswa kuiepuka kabisa.

La tatu ni "chuma cha upasuaji". Chuma cha pua cha aina ya 316L, kinachouzwa sana kwa jina hili, kina takriban asilimia 10 hadi 14 ya nikeli. Kwa kuwa kimeishikilia barabara, watu wengi hawadhuriki. Lakini aliyekwisha kupata mzio, hasa mwenye tundu lisilopona, hafai kukifanyia majaribio.

La nne ni maneno yanayodai kuwa pambo halileti mzio. Nchini Marekani, kwa mfano, maneno hayo hayana maana iliyowekwa na sheria, na kila mtengenezaji huyatumia apendavyo. Hata maandishi kwamba pambo halina nikeli yanahitaji kuambatana na jina la metali iliyotumika.

Mwisho ni mapambo yaliyopakwa dhahabu. Tabaka la dhahabu huwa jembamba mno, na chini yake mara nyingi huwa kuna nikeli. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo yaafiki kabisa herini za aina hii.

Mapambo ya shaba ya manjano yanayotengenezwa na mafundi wa mitaani jijini Nairobi nayo yana utata wake. Shaba hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba na zinki tu. Lakini fundi anapoyeyusha mifereji ya maji na kufuli kuukuu, ambazo nyingi zilipakwa nikeli, si rahisi kwake kujua kilichoingia chunguni.

Chunguza kijiti kwanza

Wanunuzi wengi hutazama sura ya herini: jiwe, ushanga, kombe au umbo la jani. Sehemu hiyo hugusa ngozi kidogo tu. Sehemu zenye kudhuru ni tatu: kijiti kinachopita ndani ya tundu, kulabu inayoshikilia kipuli, na kifungio cha nyuma kinachobana ndewe.

Si ajabu kukuta herini ya dhahabu halisi iliyowekwa kifungio cha metali ya bei rahisi, kwa kuwa dhahabu ni laini na fundi alitaka kitu kigumu. Ikiwa ndewe inawasha upande wa nyuma pekee, kifungio ndicho cha kushukiwa kwanza.

Kwa sababu iyo hiyo, si lazima kuzitupa herini zinazopendwa. Vipuli vya ushanga vya Kimaasai, mathalani, mara nyingi huwa havina tatizo ila kwenye kulabu. Fundi wa mapambo anaweza kuiondoa kulabu hiyo kwa koleo ndogo na kutia ya titaniamu, niobiamu au fedha ya 925. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Kupima nyumbani

Kuna kipimo chepesi ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Hutumia kemikali iitwayo dimethiliglioksimu pamoja na amonia, na huuzwa katika vichupa vidogo. Mwanakemia Mrusi Lev Chugaev ndiye aliyegundua mnamo 1905 kwamba kemikali hiyo huitambua nikeli.

Pamba iliyo kwenye kijiti hutiwa matone machache, kisha husuguliwa juu ya pambo kwa muda wa nusu dakika hivi. Pamba ikigeuka kuwa ya waridi, pambo hilo linaachilia nikeli. Kipimo hakiliharibu pambo. Amonia ina harufu kali, kwa hivyo kazi hiyo ifanyiwe mahali penye hewa na mbali na watoto.

Hata hivyo, pamba isipobadilika rangi haimaanishi kwamba pambo ni salama milele. Lililopakwa dhahabu huweza kufaulu likiwa jipya na kushindwa baada ya miezi michache. Inafaa lipimwe tena tabaka la juu linapoanza kuchakaa.

Sumaku, ambayo baadhi ya watu huitegemea, haina msaada hapa. Ingawa nikeli tupu huvutwa na sumaku, fedha ya Kijerumani na aina nyingi za chuma cha pua zenye nikeli hazivutwi.

Herini ya kwanza ya mtoto

Uamuzi wenye uzito kuliko wote ni ule unaofanywa siku mtoto anapotobolewa masikio. Wazazi wengi huwapeleka mabinti wao wakiwa wachanga, iwe hospitalini au saluni, bila kuuliza herini itakayowekwa imetengenezwa kwa nini.

Inafaa mzazi auonyeshwe mfuko wa herini kabla ya kazi kuanza, asome jina la metali, na akatae ikiwa halikuandikwa. Titaniamu ya vipandikizi, niobiamu, kioo au plastiki ya hospitali ndivyo vya kutangulizwa. Herini za kupakwa zisiingizwe katika jeraha bichi hata kidogo.

Ndewe huchukua kati ya wiki sita na nane kupona. Sehemu ngumu ya juu ya sikio huchukua miezi mingi, na pengine mwaka mzima. Katika muda huo herini isibadilishwe kwa ajili ya urembo tu.

Ikiwa masikio tayari yanawasha

Hatua ya kwanza ni kuzivua herini hizo. Tundu lililopona zamani haliwezi kuziba kwa siku chache, lakini lililo bichi huziba upesi, na mwenye nalo amwone daktari kabla ya kuvua. Daktari anaweza kumwandikia mgonjwa krimu ya steroidi kwa muda mfupi. Krimu hizo zisinunuliwe kiholela, kwa kuwa zikitumiwa kupita kiasi hupunguza unene wa ngozi na kuichujua rangi.

Kupaka kijiti rangi ya kucha isiyo na rangi husaidia kwa muda tu. Rangi hiyo hubanduka, na mvaaji hawezi kujua imebanduka lini.

Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi na amuulize muuzaji maswali manne:

1. Kijiti, kulabu na kifungio vimetengenezwa kwa metali gani?

2. Je, ni metali moja hadi ndani, au imepakwa juu?

3. Ikiwa ni dhahabu au fedha, alama ya karati au ya 925 iko wapi?

4. Ikiwa ni dhahabu nyeupe, ilichanganywa na nikeli au na paladiamu?

Sonara anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Muuzaji akishindwa kuyajibu, herini hizo ziachwe zing'are pale pale kwenye meza yake, kwa maana rahisi ni ghali, na gharama ya mzio hulipwa na sikio maisha yote.